MIKONO INAYOJUA NA MIKONO INAYOBAHATISHA
Ukandaji wa mwili katika Kitui na Makueni: ni nani atoe idhini?

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akiisha kuupita mji wa Mtito Andei, huwa yumo ndani ya Makueni hata kama hana habari. Kibwezi, Makindu, Emali na hata Sultan Hamud, mji uliobeba jina la Sayyid Hamud bin Muhammad aliyetawala Unguja tangu 1896 mpaka 1902, yote ni miji ya huko. Mashariki yake, ng'ambo ya mto Athi, ndiko Kitui, nchi ya Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe ilishuka mpaka pwani. Krapf alipoondoka Rabai mwaka 1849 kwenda bara, nyumba aliyoifikia ilikuwa ya Kivoi. Kwa hiyo sisi watu wa pwani na Wakamba hatukujuana jana wala juzi.

Tunakwenda huko leo kwa ajili ya jambo ambalo kila nyumba ya pwani inalijua, nalo ni kukandwa. Ni nani kati yetu ambaye hakuwahi kuteguka mguu akaitiwa bibi wa mtaa aje na mafuta yake ya nazi au uto wa ufuta? Mzazi hukandwa kwa maji ya moto katika arobaini yake. Bwana harusi na bibi harusi husingwa. Mzee aliyekazika mgongo hulazwa kifudifudi, akachuliwa mpaka apate usingizi. Katika Ukambani nako hali si mbali na hiyo. Nyanya, ambaye Wakamba humwita susu, ndiye aliyezoea kuitwa mtoto alipoanguka, na wakunga wa jadi wamekuwa wakiwakanda matumbo na viuno waja wazito tangu zama ambazo hapana azijuaye.

Na kama kuna migongo inayostahili kukandwa, basi ni ile ya Kitui na Makueni. Ardhi ya huko ni kavu na mvua yake ni ya kubahatisha. Mwanamke huyabeba maji mgongoni, mkanda umepita kichwani, akatembea nayo masafa marefu. Matuta yaliyoizuia udongo wa vilima vya Makueni usichukuliwe na mvua yalichimbwa kwa jembe na sururu, watu wakikusanyika katika mwethya, ushirika wa kusaidiana kazi ambao ni mfano wa msaragambo wetu. Ongeza wakata katani wa Kibwezi na wachimba mchanga wa mitoni, uone kama viuno havina sababu ya kulalamika.

KAZI IMEBADILIKA

Lakini siku hizi kukanda si kazi ya bibi wa mtaa peke yake. Imekuwa kazi ya mshahara. Hoteli za Diani, Malindi na Nairobi zina vyumba vya masaji, na katika miji midogo ya bara vibao vya kazi hiyo havishangazi tena kando ya duka la kinyozi. Vijana wa kike na wa kiume wa Kitui na Makueni, kama wenzao wa kwetu, wanaiona kuwa ni njia ya kupata riziki. Wala si ajabu Mkamba kuishi kwa kazi ya mikono, kwani wachonga vinyago wa Changamwe wamekuwa na chama chao cha ushirika tangu mwaka 1963, na kazi zao zimefika ng'ambo.

Tuseme basi kwamba binti mmoja wa Wote au wa Mwingi amemaliza kidato cha nne, naye anataka kuwa mkandaji wa haki, mwenye cheti na leseni. Ashike njia gani?

Njia ya kwanza ni ndefu, na ndiyo ya hospitali. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, kijulikanacho kwa herufi za KMTC, kilianza mwaka 1927 na leo kina matawi mengi, yakiwemo ya Kitui, Makueni na Makindu, ingawa si kila tawi hufundisha kila somo. Mwenye kutaka fiziotherapia husoma miaka mitatu apate diploma, naye hutakiwa awe amepata wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne pamoja na alama nzuri katika masomo ya sayansi. Akifuzu husajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Huyo hujifunza kukanda, lakini kukanda ni sehemu moja tu ya elimu yake.

Njia ya pili ni fupi, nayo ndiyo ishikwayo na wengi. Masaji hufundishwa ndani ya kozi za urembo, katika vyuo vya ufundi na vya watu binafsi, kwa miezi michache au mwaka. Kuna mitihani ya ufundi ya mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, ambayo ngazi yake ya chini ni daraja la tatu. Mwanafunzi mwema hutoka na cheti cha maana. Lakini ziko pia kozi za wiki mbili ambazo cheti chake kina mapambo mengi kuliko masomo yake.

Hapa ndipo ulipo mkorogano. Baraza la mwaka 2014 ni la watu wa fiziotherapia, si la wakandaji wa saluni. Matabibu wa jadi nao, wakiwemo wale ambao Wakamba huwaita andu awe, walitajwa katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, iliyosema kwamba Bunge litunge sheria ya kuwasimamia. Na ile karatasi inayotundikwa ukutani, iitwayo leseni, mara nyingi ni kibali cha biashara kutoka serikali ya kaunti. Kibali hicho kinasema kwamba chumba kina ruhusa ya kufanya biashara. Hakisemi kwamba mikono iliyomo ndani inajua kitu. Mteja akiona muhuri hutulia, kumbe muhuri umepigwa kwa ajili ya mlango.

KUNA NINI CHA KUJIFUNZA?

Wapo wasemao kwamba kukanda ni kipawa, na kwamba mwenye mkono mzuri hahitaji shule. Kipawa kweli kipo, lakini mwili wa mtu mzima una mifupa 206 na misuli zaidi ya 600, na kipawa peke yake hakimwonyeshi mtu mshipa wa damu ulipopita chini ya kwapa au nyuma ya goti.

Mwanafunzi hufundishwa kwanza namna za mkono: kuteleza kwa kiganja, kukamua, kusugua kwa ncha za vidole, kupigapiga na kutikisa. Hufundishwa asimame vipi asijivunje mgongo wake mwenyewe. Lakini somo lililo kubwa kuliko yote ni kujua wakati wa kutokanda. Mguu mmoja uliovimba ghafla, una joto na unauma kwenye shavu, huenda una damu iliyoganda ndani yake. Ukiukamua, damu ile yaweza kung'oka ikapanda mpaka mapafuni, na mtu akafa. Mkono uliovunjika, ukikandwa na kufungwa kwa nguvu, waweza kufa ganzi, kisha ukaoza. Mwenye homa kali hakandwi. Tumbo la mja mzito halikamuliwi kwa nguvu ili mtoto ageuke. Mgongo unaouma pamoja na miguu kulegea ni wa daktari, si wa mafuta.

Bibi wa zamani alijua mengi katika hayo kwa uzoefu, na aliyejua kikomo chake alisema, "Huyu mpelekeni hospitali." Tangu serikali ilipoondoa malipo ya uzazi katika hospitali zake mwezi Juni mwaka 2013, wakunga wa jadi wamekuwa wakihimizwa wawe wasindikizaji wa wazazi, wawafikishe kwa wauguzi badala ya kuwazalisha nyumbani. Huko si kuwavunjia heshima, bali ni kuutumia uaminifu walio nao kwa watu.

MAMBO YA KALE YANATUFUNZA

Elimu hii si ngeni katika ulimwengu wa Kiislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya kusugua mwili, akatenga kusugua kwa nguvu kunakoukaza na kwa upole kunakoulegeza. Na pale Unguja, hamamu za Hamamni zilizojengwa wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, zatukumbusha kwamba kuutunza mwili kulikuwa sehemu ya ustaarabu wa mji.

Ulaya nako walipitia matata tuliyo nayo sisi leo. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza lilipiga kelele kwamba baadhi ya nyumba za masaji za London zilikuwa pazia la uasherati. Wanawake wanne waliokuwa katika kazi ya uuguzi na ukunga waliona jina lao linachafuliwa, wakaunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Masharti yao yalikuwa makali: kutokanda bila maelekezo ya daktari, kutowakanda wanaume kiholela, na kutojitangaza ovyo magazetini. Mwaka 1920 chama kilipewa hati ya kifalme, na ndicho kilichokuja kuwa chama cha fiziotherapia cha nchi hiyo. Wajapani nao, ambao kwao vipofu wengi wamekuwa wakandaji hodari tangu karne ya kumi na saba, walitunga sheria mwaka 1947, na leo mkandaji wao husoma miaka mitatu, kisha hufanya mtihani wa taifa.

Basi leseni haikuanza kama kodi. Ilianza kama sitara ya watu waaminifu.

HESHIMA NA AMANA

Kwa msomaji Mwislamu pana jambo la ziada. Mwili una uchi wake, na haukabidhiwi kila mtu. Asili ni mwanamke akandwe na mwanamke na mwanamume akandwe na mwanamume, na penye dharura ya matibabu mna hukumu zake ambazo masheikh wamezieleza. Tena imepokewa katika hadithi, kwa Abu Daud na wengineo, kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu yake, yeye ndiye mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Tukizingatia, hiyo ndiyo maana hasa ya leseni: kujulikana kuwa una elimu, na kukubali kuulizwa.

Kwa hiyo yafaa mzazi wa Kitui au wa Kisauni anayetaka kumlipia mwanawe kozi, aulize kabla hajafungua mkoba. Mtihani wa mwisho unatolewa na nani? Mwalimu alisomea wapi? Je, watafundishwa umbo la mwili na maradhi, au mafuta na mishumaa tu? Je, wasichana watafunzwa na wanawake? Na mteja naye asione haya kuuliza cheti. Mkandaji wa kweli hukuuliza maradhi yako kabla hajakugusa. Asiyekuuliza kitu, ukamwona anamimina mafuta, vaa nguo zako uondoke.

Na wale mabibi wa Ukambani na wa pwani, tusiwatupe. Wenye kutunga sheria wakiketi, wawaite wenye ujuzi miongoni mwao, wawasikilize, wawapime, wawafunze wasiyoyajua na kuwaandika. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini walisema pia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wakandaji wetu, wa kale na wa sasa, wamesifiwa miaka mingi bila ya kupimwa. Anayeumia kwa hilo ni yule mama wa Kitui aliyeshuka na maji mgongoni tangu alfajiri, ambaye jioni atajilaza kifudifudi na kumwamini mtu asiyemjua.