Bastola ya Kale Nayo Huhitaji Leseni
Mto Rufiji ukishapita Ndundu huingia katika delta ambako manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliangamia Julai 11, 1915. Mwaka huohuo Uingereza ilianza kutumia bastola ya Webley Mark VI, ambayo leo husakwa na wakusanyaji wa silaha za kale duniani. Kifyatulio kikivutwa mara moja, nyundo huinuka, silinda huzunguka na risasi hutoka. Ukongwe hauiondolei bastola uwezo wa kuua.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila mmiliki awe na leseni, nayo hairithiwi. Aliyeikuta kwenye sanduku la marehemu babu asiijaribu, bali atoe taarifa polisi. Umoja wa Afrika umetenga Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari.