Muziki kazini: mikono yakubali, maneno yakataa

Juni 1940, Uingereza ikiwa vitani, BBC ilianzisha kipindi cha redio cha Music While You Work kuwachangamsha wafanyakazi wa viwandani waliorudia kazi ileile kutwa nzima. Kilikuwa na masharti yake: mdundo usiyumbe, na uimbaji uepukwe. Wimbo Deep in the Heart of Texas ulipigwa marufuku, maana ulipofika penye makofi wafanyakazi waliacha kazi wakagonga vifaa vyao.

Mdundo una nguvu hiyo kwa sababu huamsha sehemu za ubongo zinazoratibu mwendo, hata kwa mtu aliyeketi kimya. Ndiyo maana kufua, kupiga pasi au kusukuma chapati huenda vizuri na Bongo Fleva.

Kusoma ni habari nyingine. Katika miaka ya 1980, watafiti Pierre Salamé na Alan Baddeley waliwapa watu tarakimu wazikariri kwa mfuatano. Nyimbo zenye maneno ziliwavuruga kuliko muziki wa ala tupu. Maneno yanayosikika huingia bila hodi katika kumbukumbu ya muda mfupi, humo humo msomaji anamoshikilia mwanzo wa sentensi akisubiri mwisho wake. Taarabu, ambayo utamu wake ni mafumbo, huenda ndiyo hatari zaidi kwa mwenye kitabu mkononi.

“Lakini huu ndio wimbo wangu!” Mwaka 2011, watafiti Nick Perham na Joanne Vizard walipima hilo pia. Muziki unaopendwa na usiopendwa, wote ulidhoofisha ukariri ukilinganishwa na ukimya.

Basi sifa za Mozart, kwamba muziki wake hunoa akili, zilitoka wapi? Mwaka 1993, wanafunzi 36 wa chuo kikuu huko California walimsikiliza kwa dakika 10, kisha wakafanya vizuri zaidi katika mafumbo ya maumbo. Faida ilidumu kama robo saa tu. Hata hivyo, mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba dola 105,000 ili watoto wachanga wagawiwe rekodi za muziki. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kilichosaidia ni uchangamfu, wala si Mozart mwenyewe.

Wengi hawalioni jambo moja: wanafunzi wale walisikiliza kabla ya jaribio. Kwa hiyo, mwanafunzi, piga wimbo uupendao, ucheze ukitaka, uzime, ndipo ufungue daftari.