Usiuze soketi ya zamani kabla hujaisoma

Leo naongelea soketi za zamani, zile spana za boksi zinazojaa kutu kwenye ndoo na watu wanaziuza kwa kilo kama chuma chakavu. Mimi nina kiduka cha zana mitumba hapa Mbeya, nilimaliza form four nikaanza na meza moja barabarani. Soketi zimenipa hela, ila ziliwahi kuniaibisha pia.

Nilinunua ndoo nzima kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga gereji yake. Akaja fundi kijana anataka namba 17. Nikachukua moja, nikaijaribu kwenye bolti ya 17, ikaingia. Ilikuwa inacheza kidogo, nikasema si neno. Imeandikwa 3/8 W, wala sikujali. Jioni karudi: "Kaka, umeniua." Soketi ilikuwa imekula kona zote za bolti ya kumwagia oili kwenye gari la mteja wake. Nikamrudishia hela yake, nikamlipia na bolti mpya. Mteja wake hakurudi tena, na hilo sikuweza kumlipa.

Ndipo nikaanza kujifunza. Kumbe ile W ni Whitworth, kipimo cha Kiingereza kilichoanzishwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Hapo namba haikuambii upana wa kichwa cha bolti, inakuambia unene wa bolti yenyewe. Kwa hiyo 3/8 W ina mdomo wa karibu milimita 18. Kwenye 17 lazima iteleze.

Sasa mimi nafanya hivi:

1. Safisha kwanza, usome baadaye. Loweka kwenye mafuta ya taa au dizeli usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, futa. Kama kutu imeng'ang'ania, tumia siki, asubuhi osha kwa maji, kausha vizuri, paka oili. Ile yenye kromu inayong'aa usiiweke kwenye siki, kromu inaweza kubanduka. Usipitishe grainda, utafuta maandishi, na maandishi ndiyo bei. Usiichome moto, chuma kinapoteza ugumu.

2. Soma namba. Namba nzima kama 10, 12, 14, mara nyingi ni milimita. Sehemu kama 1/2 au 3/4 bila W mara nyingi ni inchi. Gawanya, halafu zidisha kwa 25.4. Mfano 3/4 inatoka 19.05, hiyo inafanya kazi ya 19 bila shida. Lakini 9/16 inatoka 14.29, kwenye 14 iliyokaza usimpe mtu. Angalia pia jina: Britool, Gedore, Snap-on, KTC, hizo mafundi wanazitafuta.

3. Jaribu. Nina ubao wenye bolti za 8, 10, 12, 13, 14, 17, 19 na 21. Soketi ikicheza kwenye bolti mpya, haiuzwi kwa namba hiyo. Kagua kama ina ufa, na kama kona za ndani zimelika. Ya kona 6 inashika bolti ngumu kuliko ya kona 12, mwambie mteja.

4. Muulize ataitumia wapi. Soketi nyembamba ya kromu ni ya mkono. Ukiifunga kwenye mashine ya upepo ya kufungulia matairi inaweza kupasuka, kipande kikamrukia mtu jichoni. Kwa mashine hiyo mpe ile nene nyeusi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama huna, sema sina.

Halafu zile za W nilizobaki nazo? Niliziweka kwenye kopo lake, nikaandika "Kiingereza cha zamani". Zikakaa miezi. Siku moja akaja mama mwenye mashine ya kusaga, injini yake ni Lister ya zamani, fundi wake amehangaika na spana za milimita hadi nati zimeanza kulika. Alikuja na nati moja mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo mama, ngoja tujaribu." 3/8 W ikakaa kimya kabisa, haichezi. Ni ileile aliyoirudisha yule kijana. Alichukua kopo zima, na bei nilipanga mimi.

Yule fundi kijana siku hizi ni mteja wangu. Ila kila soketi anaijaribu kwenye ubao mwenyewe kabla hajatoa hela. Namwacha, ana haki.

Mfanyabiashara mwenzangu, una ndoo ya vyuma pale nyuma ya duka? Leo jioni imwage chini, anza kusoma. Na ukikuta yenye W, usiitupe. Mwenyewe yupo, hujakutana naye tu.