Baiskeli ya Ustadhi: Chuma au Alumini?

Ustadhi wetu husomesha madrasa mbili: asubuhi pembezoni mwa mji wa Kasulu, alasiri katika kijiji kilichoko nyuma ya vilima viwili. Kwenda na kurudi ni kilomita 22, siku sita kwa wiki. Mwaka jana kamati ya msikiti ilimnunulia, kwa michango ya waumini, baiskeli ya mtumba yenye fremu ya alumini. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, nasi tukaridhika. Haikupita miezi saba mgongo wake ukaanza kumsumbua, kisha fremu ikapata ufa chini ya bomba la kiti. Mafundi wa kuchomelea wa Kasulu, na wa Kibondo tulikoipeleka, walitupa jibu moja: mashine zao ni za chuma.

Fedha ile ilikuwa amana. Safari hii tuliuliza kabla ya kununua.

Alumini ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma, lakini na ukakamavu wake ni theluthi vilevile. Ndiyo maana watengenezaji huyafanya mabomba yake kuwa manene, na bomba nene halinepi. Isitoshe, chuma kisipozidiwa nguvu hustahimili mtikisiko kwa miaka mingi, ilhali alumini hujilimbikizia uchovu hata kwa mitikisiko midogo, mpaka siku ya ufa. Nyuzi za kaboni hupunguza mtikisiko vizuri, lakini bei yake ni ya wanamashindano, si ya kapu la mchango wa Ijumaa. Uganda wapo wanaounda fremu za mianzi. Sokoni kwetu hatujaziona.

Tulikuwa tumekwisha kuhukumu kwamba chuma ndicho dawa, fundi mmoja mzee alipotukemea kwa upole: "Wanangu, mnahangaikia fremu, na mtu hukalia tandiko!"

Alikuwa na haki. Ile Phoenix nyeusi ya China, kama Raleigh na Swala walizopanda wazee wetu, haipati utulivu wake kwa chuma peke yake. Magurudumu yake ni ya inchi 28 na yameachana vya kutosha, uma wa mbele umelala, tandiko lina springi. Tairi nalo hubeba sehemu kubwa ya kazi: likijazwa upepo mpaka likawa jiwe, kila kokoto hufika mgongoni, likilegea mno, mpira hubanwa na rimu ukatoboka.

Ila yake ni uzito unaokaribia kilo 20, tena haina gia. Mjumbe mmoja alilishikilia hilo sana, na hakukosea. Vilima vya huku si vya mzaha. Ustadhi mwenyewe ndiye aliyeamua: "Ndugu zangu, mlima nitaupanda kwa miguu huku nikileta dhikri. Kinachonimaliza ni mashimo."

Tukanunua Phoenix iliyotumika, na chenji ikatosha pampu na tandiko jipya. Mwezi uliopita keria ilikatika, kwa sababu ya gunia la mahindi ambalo hakutuambia habari zake. Fundi jirani wa msikiti aliichomelea kabla ya adhana ya alasiri.