Mkuki kwenye ngao ya Shakespeare
Nilidhani nembo za familia za Uingereza ni za mabwanyenye tu. Kumbe baba yake Shakespeare, John, fundi wa glavu, alipewa yake mwaka 1596: ngao ya dhahabu, mstari mweusi wa mshazari, na ndani yake mkuki. Ni mchezo wa jina lao, "tikisa mkuki". Juu ya ngao kuna kozi, naye kashika mkuki!

Aliyepewa nembo alihesabiwa muungwana, yeye na uzao wake, si kila Shakespeare wa mtaani. Ndiyo maana mwaka 1602 ofisa wa nembo, Ralph Brooke, alilalamika: hata mcheza maigizo? Wenzake wakajibu kwamba mzee John alikuwa hakimu pale Stratford.