Mwanga na Macho ya Nyoka Albino

Jicho la nyoka albino halina melanini, rangi nyeusi ambayo katika jicho la kawaida hukinga mwanga uliozidi. Kwa kuikosa, mwanga hauingii kupitia mboni pekee, bali hupenya pia ile pete inayoizunguka. Wekundu unaoonekana ni damu iliyomo kwenye mishipa ya jicho. Isitoshe, nyoka hana kope, hivyo hawezi kufumba macho. Njia yake pekee ya kuukwepa mwanga ni kujificha.

Mfano mzuri ni Python regius, chatu mdogo wa Ghana, Togo na Benin anayefugwa sana Marekani na Ulaya. Porini hushinda mashimoni na kutoka usiku. Albino wake anahitaji giza hilo zaidi, lakini wafugaji wengi humwashia taa kali wakitafuta joto, na hapo ndipo madhara huanzia. Joto na mwanga vitenganishwe. Kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, kikiongozwa na kidhibiti joto, hutosha kufikisha nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi upande mmoja wa sanduku, huku upande wa pili ukibaki kwenye 25 hadi 27. Maficho yawepo pande zote mbili, nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na kivuli. Mchana, mwanga hafifu wa chumbani unatosha. Usiku kuwe na giza, bila hata taa nyekundu. Taa za miale ya urujuanimno si za lazima kwa chatu huyu anayekula panya mzima, na kwa albino ni salama zaidi kuziacha.

Jicho lenyewe limefunikwa na gamba angavu, ambalo hutoka nyoka anapojivua gamba. Siku kadhaa kabla ya hapo jicho huwa na ukungu. Kwa albino wekundu wake hufifia na kuwa wa waridi. Ukungu huo si ugonjwa. Baada ya kujivua, ngozi iliyotoka ikaguliwe kichwani: vifuniko viwili vya macho, vidogo na vya mviringo, lazima vionekane. Kimoja kikibaki jichoni, mara nyingi hewa ilikuwa kavu mno. Nyoka awekewe kisanduku chenye kuvumwani chenye unyevu, na kifuniko kisibanduliwe kwa koleo hata kidogo, kwani konea iliyo chini yake huweza kuchanika. Kikigoma kutoka hata mara inayofuata, au jicho likivimba, ni kazi ya daktari wa wanyama.