Kiolezo Kinapobeba Yasiyotakiwa

VMware ilipotoa vSphere 4 mwaka 2009, iliwaletea mafundi wa seva huduma iitwayo Host Profiles. Fundi anachagua seva moja ya ESXi iliyopangwa vizuri, programu ya usimamizi ya vCenter inaisoma na kutengeneza kiolezo, kisha kiolezo kinatumika kwa seva nyingine zote za klasta. Seva ya saa, DNS, swichi pepe, namba za VLAN, mahali zinapotumwa kumbukumbu za mfumo: vyote vinalingana bila fundi kuzunguka seva moja baada ya nyingine.

Shida ni kwamba vCenter haijui nia ya mtu. Fundi anaweza kutaka kulinganisha saa tu, lakini kiolezo kimeshachukua karibu kila kitu, mfano wa fundi cherehani aliyepewa shati kuukuu liwe kipimo, akashona jipya na kiraka chake. Kama SSH iliachwa wazi kwenye seva ya mfano baada ya matengenezo, klasta nzima itafunguliwa SSH.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kupunguza. Ndani ya kihariri cha kiolezo kila sehemu ina kisanduku chake cha tiki, na sehemu iliyoondolewa tiki haikaguliwi wala haitumiki. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu kuondoa tiki si sawa na kufuta. Anayefuta kundi la milango ya mtandao kutoka kwenye kiolezo, huku sehemu ya mtandao ikiwa bado ina tiki, anaiambia vCenter kwamba kundi hilo halitakiwi kuwepo. Kiolezo kikitumika, kundi linaondolewa kwenye seva, na mashine pepe zinazolitegemea hazitaweza kuhamia hapo tena.

Diski nazo zina vituko vyake. Kila diski ya ndani ina kitambulisho chake cha pekee, na kiolezo kinaweza kukinakili kana kwamba ni mali ya klasta nzima. Matokeo yake, seva nzima kabisa zinaonyeshwa kuwa haziafiki kiolezo, kwa kukosa diski ambayo haikuwa yake tangu mwanzo. Fundi aliyechoshwa na alama nyekundu hubonyeza kitufe cha kurekebisha ili zitoweke tu, na huo ni uamuzi mbaya. Sehemu hizo za hifadhi ziondolewe tiki, au diski husika iwekwe wazi kuwa si ya pamoja.

Mambo ya pekee kwa kila seva, kama jina na anwani za IP, hujazwa kando kwa kila moja. Yanastahili kusomwa mara mbili. Anwani ya usimamizi ikikosewa, vCenter hupoteza mawasiliano na seva hiyo papo hapo, na njia inayobaki ni konsoli yake. Nywila ya root ni heri iachwe kwenye chaguo la kutobadilishwa, isipokuwa kuibadilisha ndiyo shabaha yenyewe.

Ukaguzi wa ulinganifu hausababishi mabadiliko yoyote, hivyo hakuna sababu ya kuuruka. Fundi anaweza pia kuona mapema orodha ya yatakayobadilika, na kama seva itahitaji kuingia hali ya matengenezo au kuwashwa upya. Orodha ikiwa na mistari ishirini ilhali yeye alikusudia mmoja, arudi kwenye visanduku. Ikiwa safi, aanze na seva moja, iliyokwisha kuhamishwa mashine pepe zake.

Tangu vSphere 8 kuna njia mpya, Configuration Profiles, inayoweka mipangilio ya klasta nzima katika hati moja ya JSON. Hati inarahisisha kulinganisha jana na leo, ila nayo mara nyingi huanza kwa kusomwa kutoka seva ya mfano, kwa hiyo usafi wa seva hiyo bado una uzito uleule.

Kuna jambo moja dogo linalosahauliwa. Kuondoa kiolezo kwenye seva hakurudishi mipangilio ya zamani. Nakala ya usanidi ichukuliwe kabla, kwa amri ya vim-cmd hostsvc/firmware/backup_config, na namba ya toleo la ESXi iandikwe pembeni, maana nakala hiyo inahitaji toleo lilelile ili irejeshwe.